Redio Isiyopata Joto

Mwezi uliopita nilipanda Mbinga kwa ajili ya harusi ya binti wa shoga yangu, na mle ukumbini nikakutana na Osmundi. Sikuwa nimejiandaa. Ningejua atakuwepo ningetuma vitenge vyangu na kubaki zangu huku Ziwa Nyasa. Alikuja na sahani yake ya pilau, akavuta kiti, akakaa karibu yangu kama mtu aliyeniaga jana yake. Mvi zimemjaa, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Siku hizi ana karakana yake ya samani kule Songea, na meza kuu ya maharusi ilikuwa kazi yake. "Editha," akasema, "umezeeka vibaya kama mimi." Nikacheka bila kupenda. Watu wote siku hizi wananiita Mama Nestori, hata mume wangu marehemu aliniita hivyo, na kusikia jina langu la usichana kwa sauti ile kulinikera na kunigusa papo hapo. Akaniuliza kama bado nafungua redio na kuzitengeneza. Nikamwambia mimi nauza usipa, dagaa wetu wa ziwani. Akatafuna kidogo, akaniinamia. "Nina jambo lako. Nimekaa nalo miaka mingi. Litakufurahisha." Kabla hajalisema, mshereheshaji akamwita mbele atoe nasaha, maana alikuwa mgeni wa heshima. Akaniachia sahani yake niilinde, akaenda. Nami nikabaki nimekaa pale, pilau inapoa, nakumbuka mwaka ambao huwa nahangaika kuusahau.

Ulikuwa mwaka ule maduka yalipoanza kujaa. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni na sukari, ghafla serikali ikasema ruksa kuleta bidhaa kutoka nje, na Mbinga mjini yakaonekana mashati ya mitumba, saa za kung'aa, na redio ndogo za plastiki kutoka Dubai, nyekundu na nyeusi, zimepangwa dukani kama miche ya sabuni. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kijijini, juu kwenye njia ya kwenda Litembo, na matokeo ya kidato cha nne ambayo hayakunipeleka popote. Siku za kazi nilichuma kahawa na kulima kama wengine. Muda uliobaki wote niliumalizia kwenye chumba cha zamani cha kukobolea kahawa nyuma ya parokia. Mashine ilishang'olewa, ila harufu ya maganda yaliyochacha haikutoka kwenye zile kuta, hata leo nikipita penye kahawa mbichi nakiona kile chumba. Dirisha halikuwa na kioo. Meza yetu ilikuwa chekeche la kuanikia kahawa lililopigiliwa mbao juu. Tulikuwa na jiko la mkaa la kupashia chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, koleo moja iliyolegea, na kopo la skrubu tulizookota kwenye kila kitu kilichokufa. Watu walituletea tochi, pasi, saa za ukutani, redio za betri zilizoliwa na kutu. Tulizifungua kwa raha tu. Nyingine zilipona, nyingine tulizimaliza kabisa, na wenyewe walicheka wakaondoka nazo kwenye kikapu.

Nasema tulizifungua, maana tulikuwa wawili. Osmundi tulisoma naye shule ya msingi. Yeye alipenda mbao. Alitengeneza magitaa ya maboksi, vigoda, fremu za picha za watakatifu, na mkono wake ulikuwa laini kwenye ubao kuliko kwenye kitu kingine chochote. Mimi nilipenda ya ndani, nyaya na vile vidude vyenye mistari ya rangi. Tukagawana kazi bila hata kukaa kikao, kama tunavyogawana shambani. Ngoro zetu, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, hazilimwi na mtu mmoja: mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza mistari, mstari juu ya mstari mpaka miraba itokee, kisha mwanamke huja na jembe, huchimba shimo katikati ya mraba na kufukia zile nyasi kwa udongo. Mwanamume hagusi udongo wa mkewe, mwanamke hahamishi nyasi. Ukiona mume anachimba shimo, ujue mke ni mgonjwa au wamegombana, na kijiji kizima kitaulizana. Basi na sisi vivyo hivyo, boksi lilikuwa lake, utumbo ulikuwa wangu. Redio ikija, yeye anafungua mbao, anaipiga msasa, mimi sisemi kitu. Nikishika utumbo, yeye haweki kidole. Niliiamini ile mipaka kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza, na nadhani ndiyo maana nilidanganyika kirahisi vile.

Sebuleni kwa Padre kulikuwa na redio kubwa ya mbao iliyoachwa na mmisionari wa zamani. Ilikuwa na ukubwa wa mtungi, ina kitambaa cha dhahabu mbele na sanamu ya Bikira Maria juu yake. Ilikufa tukiwa wadogo. Wazee walisimulia jinsi ilivyokuwa: ndani yake mna taa za kioo, unaiunga kwenye betri ya gari, unazungusha kitufe, halafu unangoja. Inanguruma kidogo, zile taa zinakuwa nyekundu, boksi zima linapata joto, ndipo inaanza kusema, taratibu, kama mtu anayeamka. Paka wa Padre yule wa zamani alilala juu yake siku za baridi. Nilimwomba Padre aliyekuwepo aniachie niifungue. Alikuwa mtu wa maneno machache, mlevi wa chai. Akaniangalia sana. Ilikuwepo karakana moja Songea iliyofundisha ufundi wa umeme na useremala, na haikuwahi kuchukua msichana. Yeye alifahamiana na wenye karakana. Akasema, "Chukua. Ikisema kwa mikono yako, nitakupeleka mimi mwenyewe, kwa gari langu, nione nani atakukataa mlangoni." Nilitoka pale miguu haikanyagi chini. Kwa msichana wa kijijini mwenye matokeo kama yangu, barabara zilikuwa mbili tu, jembe au posa, na huyu mtu ananifungulia ya tatu.

Niliifanyia kazi mwaka mzima wa kilimo, tangu mahindi yanapandwa mpaka kahawa inachumwa. Wanawake wenzangu shambani walinitania kwamba nimeolewa na redio na mahari imelipwa kwa risasi. Osmundi aliichubua rangi ile ya zamani, akaziba nyufa kwa unga wa mbao na gundi, akaipaka vanishi mpaka ukawa unajiona uso. Mchana tulikula pamoja pale pale mezani, ugali na maharage kutoka kwao au viazi kutoka kwetu, na yeye ndiye aliyenisikiliza nilipokuwa naongea peke yangu juu ya nyaya. Nitasema ukweli, nilimpenda. Hakuwahi kunitamkia kitu na mimi sikumtamkia, lakini nilipofikiria ile karakana ya Songea, niliwaza kwamba Jumapili atakuja kunitembelea.

Taa mbili za ndani zilikuwa zimeungua. Hapakuwa na pa kuzipata mpaka mtu akanitajia mzee mmoja mfanyabiashara wa Mbamba Bay, Mzee Shabani, aliyekuwa na redio ya jamii ile ile iliyopasuka boksi. Nikashuka na lori la mahindi, mara yangu ya kwanza kuliona ziwa kwa karibu. Mzee Shabani alinikaribisha ndani, kwenye chumba chenye mikeka na saa ya ukutani isiyokwenda. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Wamatengo siku hizi wanatuma wasichana kununua taa?" Mkewe akajibu kutoka jikoni, "Huyo hajatumwa, huyo anajituma. Mwangalie kucha zake zilivyoungua." Walinilisha wali na samaki mbasa, tukabadilishana, mimi nikaacha saa yake inakwenda, nikaondoka na taa zangu. Kwa kuogopa zisivunjike njiani, mama yule alizifukia ndani ya kikapu cha usipa mkavu. Nikarudi mlimani nanuka samaki, nimepakata kikapu kama mtoto mchanga, na abiria wenzangu wanaziba pua.

Nikazifunga. Nikakagua kila kiungo. Osmundi akaleta betri ya akiba ya gari la parokia, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiitumia kujaribia kila kitu. Kwanza tukaijaribu kwa kiglopu kidogo cha gari, kikawaka vizuri, tukaridhika kwamba betri ni nzima. Nikaunga redio. Kimya. Hata kunguruma hakukuwepo. Nikarudia upya, nikafungua na kufunga, siku zikaenda, na sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wetu, ndiyo hiyo inakaribia, siku ambayo Padre alishawaalika watu waje kuisikia. Nililia pale mezani bila kuficha. Osmundi akaniwekea mkono begani, akasema tusikate tamaa. Halafu malaria ikaniangusha. Nilikuwa nimelala kwetu natetemeka chini ya mablanketi alipokuja kunijulia hali. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia mkononi, uso unacheka. "Imepona," akasema. "Kulikuwa na waya mmoja umelegea pale nyuma, nimeubana tu. Kazi yote ni yako." Nilitaka kuamka niende nikaone. Akanizuia, akasema nipumzike, nitaisikia siku ya sikukuu mbele ya watu. Sikumuuliza kwa nini ameshika utumbo. Furaha ilinifunga mdomo.

Siku ya sikukuu ukumbi wa parokia ulijaa. Redio ilikuwa juu ya meza, vanishi inang'aa, nyaya mbili zimeshuka mpaka kwenye betri ya gari iliyowekwa chini ili kila mtu aione. Padre akaniita mbele. Nikazungusha kitufe, na papo hapo, kabla sijaondoa mkono, mwanamume wa taarifa ya habari akaanza kusema kwa sauti kali. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami, mjinga mie, nikasimama mbele ya kijiji kizima nikaeleza jinsi nilivyoitibu, taa hizi nimezitoa Mbamba Bay, kiungo kile nilikichoma mara ngapi, na Osmundi yuko pembeni anapiga makofi kuliko wote. Padre alinishika mkono akawaambia wazazi wajiandae, mtoto wao anakwenda Songea. Kilemba cha ukoka, na mimi nikakivaa na kukizungushia kichwani vizuri kabisa.

Siku chache baadaye nilikwenda sebuleni kwa Padre kuifuta vumbi. Hakuna aliyenituma, nilitaka tu kuwa nayo. Mpishi alikuwa ameiwasha, inaimba peke yake. Nikaweka kiganja juu ya boksi nisikie lile joto walilolisimulia wazee. Lilikuwa baridi. Nikapeleka mkono nyuma, baridi. Nikainamisha sikio, nikakumbuka kwamba siku ile ukumbini haikungoja hata kidogo. Nikachukua bisibisi ya mpishi, nikafungua ubao wa nyuma. Mle ndani hamkuwa na kitu changu hata kimoja. Kulikuwa na kiredio kidogo chekundu cha Dubai, kimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kifimbo chembamba kimeunganishwa ustadi kabisa na kitufe cha mbele. Zile nyaya za kwenda kwenye betri zilipigiliwa msumari kwenye mbao na kuishia hapo. Nikarudisha ubao, nikakaza skrubu zote. Mpishi akaniuliza kama imeharibika tena. Nikasema hapana, inasema vizuri sana.

Osmundi nilimkuta kwenye chumba chetu anapiga randa. Nikamuuliza utumbo uko wapi. Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Akaweka randa chini. "Editha, ulikuwa unakufa na kile kitu. Watu wameshaalikwa. Ningekuacha uaibike? Nimeuza gitaa langu nikanunua kile kiredio, kwa ajili yako." Nikamwambia, kwa ajili yangu ungeniacha nisimame pale niseme jamani imenishinda. "Sasa nani kajua?" akasema. "Padre hajui. Nenda zako Songea, huko watakufundisha mengine." Nikauliza tena utumbo uko wapi. Akaangalia dirishani. "Nimeutupa chooni. Ulikuwa umekufa, Editha. Ulikuwa chuma tu." Nilimtukana siku ile matusi ambayo sikujua kwamba nayajua, ya Kiswahili yakaisha nikahamia ya Kimatengo, na watu waliokuwa wakipita na mizigo ya kuni walisimama njiani kusikiliza. Kilichoniuma hakikuwa kile kiredio. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mbele ya mama yangu, akanipigia makofi huku akijua, na aliingiza mkono wake palipokuwa pangu nikiwa kitandani mgonjwa.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, nilimwendea Padre nikamwambia redio ile inasema lakini si kwa mikono yangu, na kwamba yangu ilinishinda. Sikumtaja mtu. Angeweza kunipeleka hivyo hivyo, nimefikiria hilo mara nyingi. Lakini alikuwa amewaambia wale wa karakana kwamba analeta msichana aliyefufua redio, na mimi nimesimama mbele yake namwambia sikufufua kitu. Akanywa chai yake. "Basi tungoje mwaka mwingine," akasema. Nafasi ilikwishaombwa, gari lilikwishapangwa, na siku chache baadaye likaondoka na Osmundi, aende akasomee useremala. Alikuwa na kipaji, hakuna anayebisha. Alinipungia mkono kutoka dirishani. Mwaka uliofuata Padre alihamishwa.

Sikushika tena chuma cha risasi. Nilijiambia nimeshapata jibu langu, nilijaribu mwaka mzima kwa nguvu zangu zote na kile kitu hakikutoa hata mlio, kwa hiyo mikono hii si ya ufundi, ni ya jembe kama ya wengine. Nikaolewa ziwani. Mume wangu alikuwa mtu mwema, alinunua redio, ilipoharibika nikamwambia aipeleke kwa fundi sokoni, na hakuwahi kujua kwamba niliweza hata kuifungua. Wanangu nao hawajui. Usipa nimeuuza mpaka nimesomesha watoto, siyo maisha ya kulalamikia. Lakini zipo siku nimekaa juu ya mawe naanika, nasikia redio ya jirani inakwaruza, najua kabisa ni kiungo gani kimeachia, na nageuza uso.

Osmundi alirudi kutoka mbele anafuta jasho, watu bado wanampigia makofi kwa nasaha zake. Akakaa, akavuta sahani yake. "Nilikuwa nakwambia," akasema. "Unaukumbuka ule utumbo?"

"Uliotupa chooni."

"Sikuutupa." Akacheka kidogo, kama mtoto anayefichua mahali alipoficha andazi. "Ulikuwa chini ya kitanda changu, pamoja na spika yake. Siku ile uliponitukana nilirudi nyumbani nimekasirika sana. Nikasema huyu ananitukana bure, nitamwonyesha kwamba kitu chake kilikuwa maiti. Nikaubeba usiku ule ule mpaka kwa yule jamaa wa mashine ya kusaga, akaniazima betri ya lori lake, mpya. Nikaunga. Nikangoja. Taa zikawa nyekundu, Editha. Halafu ikasema."

Nikamuuliza ilisema nini.

"Salamu za wasikilizaji. Mtu wa Tunduru anawasalimu ndugu zake." Akanipigapiga mkono. "Betri ya parokia ndiyo iliyokuwa imechoka, iliweza kiglopu tu. Kazi yako haikuwa na kasoro hata moja. Nilijisemea siku nikimwona lazima nimwambie, afurahi. Ulikuwa fundi kweli."

Siku niliyomtukana ilikuwa Jumamosi. Kwa Padre nilikwenda Jumapili. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na kijito kimoja cha kuruka.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikafanyaje nini?"

"Ilipokuwa inasema. Wewe ukafanyaje?"

Akafuta mdomo kwa karatasi, akaikunja vizuri na kuiweka pembeni ya sahani.

"Nikaizima," akasema. "Betri ilikuwa ya watu."